Mama Anapika Bila Kuchoka

Furaha, mama,

Karatasi hii usiishangae. Upande wake wa pili ni afishi, lile tangazo la filamu ya Jumamosi iliyopita, na ukiigeuza utaona muguu wa mutu anayeruka moto. Sikupata karatasi nyingine, na tena baba yako hajawahi kuandika kitu cha maana kwenye karatasi yenye mistari. Mistari inanibana kama kiatu cha arusi.

Umekwenda kwa babu yako kuaga, umesema utarudi jua likipoa. Tangu niketi kuandika nimekwisha kuinuka mara tano. Mara ya kwanza nilienda kuangalia mawingu upande wa muto. Mara ya pili nilienda kwa jirani kuangalia mnyororo wa pikipiki itakayokubeba kesho, naye akaniuliza kama nimekuwa fundi wa pikipiki tangu lini. Mara tatu zingine sijui nilienda kuangalia nini. Nilijikuta nimesimama uwanjani, mikono kiunoni, kuku wananitazama.

"Papa Furaha, unaandika nini tangu saa nane?" Huyo ni mama yako, iko nyuma ya nyumba anakukaangia samaki za njiani.

"Barua."

"Ya gavana?"

"Ya binti yako."

"Binti yangu iko hapa mpaka kesho. Si umuambie kwa mudomo?"

Nikamujibu kwamba kuna maneno ya mudomo na kuna maneno ya karatasi. Akacheka kile kicheko chake cha puani, kile kinachosema amenisikia lakini hajaniamini.

Yeye amekwisha kukuambia ya maji ya kunywa, ya chandarua, ya kufunga mulango, ya vijana watakaokuita mpenzi mbele hata ya kujua jina lako. Sirudii. Kwa mambo hayo mama yako ni mwalimu kuliko mimi, maana mimi nilikuwa mumoja wa vijana hao. Mimi nina jambo langu moja tu, na limekataa kuniacha tangu Jumapili.

Jumapili unaikumbuka. Sine yetu ya kuonyeshea filamu ilijaa mpaka watu walikaa chini mbele ya viti. Mimi, kwa sababu sijui kunyamaza, nikachelewesha filamu, nikakusimamisha juu ya benchi, nikasema: huyu ni binti yangu, amefaulu mutihani, anakwenda Lubumbashi kusomea uchoraji, damu haipotei. Na wewe ukasema, kwa sauti yako ile ndogo iliyonyooka: "Nikifika Kamalondo, mbele hata ya kuoga, nitakwenda kupiga picha kwenye ukuta aliouchora papa."

Watu wakapiga mikono. Wakaniita "Fundi Rangi, Fundi Rangi." Nikainua mikono kama mucheza mpira aliyefunga goli. Halafu nikawasha filamu, nikakamata mikrofoni nianze kutafsiri, na sauti haikutoka. Yule mwanaume wa kwenye filamu alisema peke yake kwa Kichina kwa dakika nzima, mpaka wewe ukaniambia kwa chinichini, "Papa, wanangoja." Nilisema ni vumbi. Haikuwa vumbi.

Barua hii nitaiweka ndani ya daftari lako la kuchorea. Ukiikuta mapema, usiisome mbele ya kuvuka muto. Isome kituoni Samba, ukingoja treni. Muda utakuwa nao. Treni ile haina saa, iko na mapenzi yake.

Sasa ngoja nikuambie Kamalondo kwanza, maana nikianza na aibu sitamaliza.

Nilikwenda kule kwa wiki tatu, kuuza mafuta ya mawese. Vita ikakata njia nyuma yangu, nikabaki miaka minne. Watu wengine vita iliwapa kilio, na mimi nilikuwa na kilio changu juu ya mama yangu aliyebaki hapa. Lakini sitakudanganya kwamba nililia kila siku. Kamalondo haikuachi ulie kila siku. Ni komini ndogo ya Lubumbashi, imebanwa katikati ya muji, ukipiga chafya upande huu mutu anakuitikia upande ule. Na kuta zake, mama. Kinyozi amechorwa ukutani akimunyoa mutu ambaye kichwa chake ni kizuri kuliko vichwa vyote vya wateja. Fundi viatu amechora kiatu kikubwa kama mutumbwi. Kwenye kila sebule iko mamba-muntu, yule mwanamuke wa majini mwenye mukia, anachana nywele na kukuangalia wewe tu, hata ukihama kiti anakufuata. Nilikaa kwenye sebule za watu nikijifanya nasalimia, kumbe nasalimia picha.

Muchana bendi zilifanya mazoezi kwenye nyua, wimbo mumoja mara ishirini, na watu wa barabarani walijua makosa ya mupiga gitaa kuliko yeye mwenyewe. Muuza mukate alipita akamuambia, "Pale tena umeteleza, papa," akaendelea na mukate wake. Hicho ndicho nilichopenda kupita vyote. Hakuna aliyekuwa mutazamaji tu. Ukichora ukuta, mama wa nyanya anasimama na beseni kichwani anakuambia mukono ule ni mufupi. Na unageuka, unaona kweli mukono ni mufupi.

Mama mudogo Eliza, utakayekaa kwake, anasema siku hizi vijana wa pale wanapiga filamu barabarani kwa telefone, wanasimamisha hata teksi. Kama wakikuambia pita mbele ya telefone na beseni kichwani, pita. Usiulize filamu inahusu nini. Wenyewe hawajajua bado. Na ukienda kutazama filamu, kaa karibu na mutafsiri, si karibu na televisheni. Mutafsiri mwenye kutoka jasho ni mutafsiri muzuri.

Kazi hiyo niliisomea kule. Shule niliisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, mwaka wa tatu ndio ulionisoma mimi. Lakini siku moja mutafsiri wa sine ya jirani aliugua, watu walikwisha kuingia, mwenye sine alikuwa anatafuta mutu mwenye sauti. Kichina sikujua, Kiingereza nilijua okey. Nikakamata mikrofoni. Kuanzia siku ile, mama, wachezaji wote wa dunia walisema Kiswahili cha kwetu Kasongo.

Na hapa nianze kuungama kidogo kidogo. Ile filamu ya mwanaume mwenye farasi mweusi, ulipokuwa na miaka sita, ile uliyotaka kila Jumamosi. Nilikuambia amelala, kesho yake akaamka akarudi kwa watoto wake. Hakulala, Furaha. Alikufa. Umekaa kwenye magoti ya mama yako, midomo imeanza kutetemeka, nikaona siwezi. Nikasema kwenye mikrofoni, "Amechoka, anapumzika," nikazima mashini mbele hawajamuzika. Watu wazima walinizomea wiki nzima. Kule utaiona filamu nzima, na utaona shimo na msalaba. Nilitaka ulijue kutoka kwangu.

Uongo ule siujutii sana. Nimeuandika kwanza ili uone mukono wangu unavyofanya kazi.

Ule mwingine ni wa ukuta.

Kasongo yote inaujua ukuta wangu kwa maneno yangu. Mama munene, kitambaa cha maua, sufuria inatoa moshi, ameinua mwiko wa bukari, yaani ugali, juu ya kichwa. Chini yake herufi nyekundu: HAPA MAMA ANAPIKA BILA KUCHOKA. Restora ya Mama Rejina, pembeni ya barabara ya soko. Nimewaambia watu, mbele hata hujazaliwa, kwamba niliuchora peke yangu kwa siku mbili.

Yule mama sikumuchora mimi. Alichorwa na Banza.

Jina hilo hujalisikia nyumbani kwetu, na si kwa bahati. Banza alikuwa rafiki yangu. Tulipanga chumba kimoja, tulilala kichwa kwa muguu, tulikula sahani moja. Mutu murefu, mupole, anayechora huku ameuma ulimi. Yeye alichora picha, mimi niliandika herufi, maana herufi zangu, na hili ni kweli hata mbele ya Mungu, zilikuwa zimesimama kama askari. Watu walituita Macho na Mudomo. Usiulize nani alikuwa Mudomo.

Banza alimaliza kumuchora yule mama, mimi nikapanda kwenye pipa na burashi, nikaandika kile nilichofikiri. Banza akasoma kutoka chini. Halafu akasema, akiniita kwa jina la muji wangu:

"Kasongo, ile neno, hapa kwetu..."

Nikamukata. "Banza, ndugu yangu. Kiswahili kilifika kwetu mbele ya kufika kwenu. Wewe chora, mimi niandike."

Sasa usikilize, maana neno hili utakutana nalo. Kule watu wengi hawasemi kupiga. Wanasema kupika. Mutu amepikwa na polisi, maana yake si kwamba wamemutia kwenye sufuria. Ndege anakuwa ndeke. Na kupika chakula nako kunabaki kupika. Wao hawapotei, wanajua tofauti kwa kutazama uso wa anayesema. Lakini ukuta hauna uso, una picha tu, na picha yetu ilikuwa mwanamuke mwenye mabega, ameinua mwiko juu ya kichwa kama rungu.

Asubuhi yake komini nzima ilisoma: hapa mama anapiga watu bila kuchoka.

Wanafunzi walikuwa wa kwanza. Halafu waendesha teksi. Halafu wazee wakatoka na viti vyao kabisa, wakakaa upande wa pili wa barabara wakitazama ukuta kama tunavyotazama filamu. Bwana wa Mama Rejina, mutu mufupi, mutaratibu, fundi saa, alipita kwenda kazini na barabara yote ikamupa pole. Mutu mumoja akamuuliza kama mwiko ni wa mbao au wa chuma.

Mama Rejina alitukuta kwa kinyozi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lilinitisha.

"Banasema miye napikaka bwana yangu," alisema. "Bwana yangu amekatala kutoka mu nyumba. Ni nani aliandika ile maneno?"

Banza alikuwa amekaa kulia kwangu. Alinitazama, si kwa hasira. Alitazama tu, kama mutu anayekupisha mulangoni upite wa kwanza.

Nikasema, "Ni Banza. Mimi nilimukataza."

Nimeandika. Nimeinuka tena, nimezunguka nyumba, nimerudi, na bado imeandikwa.

Nilifikiri Banza atakana, na nilikwisha kuandaa maneno ya kumujibu, tena mazuri. Hakunipa nafasi ya kuyatumia. Alikusanya vikopo vyake vya rangi, akamuomba Mama Rejina musamaha kwa ajili ya herufi ambazo hakuziandika, akatoka. Kinyozi naye akasema basi ukuta wake usubiri. Fundi viatu akasema vilevile. Ndani ya juma moja Banza hakuwa na ukuta hata mumoja Kamalondo. Akahama chumba, akawa anakwenda komini ya Katuba kwa baiskeli kutafuta kazi, vikopo vinalia nyuma yake.

Ukuta wa Mama Rejina ulipaswa kufutwa siku ya soko. Lakini yeye aliona kitu ambacho mimi na akili zangu zote sikukiona: wale waliokuja kucheka walikuwa wanasikia njaa. Walicheka, wakaingia, wakakaa. Wanaume walileta wake zao wakisema, twende ukaone mwenzako. Mupiga picha wa barabarani akahamisha kiti chake mbele ya ukuta. Hata yule bwana fundi saa, nilimuona kwa macho yangu, alijifunga kitambaa kichwani kama mutu aliyejeruhiwa, akasimama chini ya mwiko apigwe picha, na muke wake alicheka mpaka akashika ukuta. Restora ikapata jina. Kwa Mama Anapika, watu waliagizana hivyo kutoka mwisho wa muji.

Mwezi wa pili Mama Rejina akaniita. Alikuwa na uso wa sikukuu.

"We Kasongo, sema kweli. Ile akili yote haiwezi kuwa ya Banza peke. Ni weye uliandika?"

Nikasema, "Ni mimi."

"Na picha?"

Furaha, pale palikuwa pa kusimama. Mulango ulikuwa wazi kabisa, nilichopaswa kusema ni jina moja, silabi mbili.

Nikasema, "Picha pia."

Ilipokuwa aibu, nilimupa yeye yote. Ilipokuwa sifa, niliichukua yote. Hata muizi wa kuku anaachaga manyoya.

Banza alikuja sine juma lile. Alikaa benchi la mbele, magoti yamefika kwenye kidevu kwa urefu wake, akatazama filamu nzima nikitafsiri. Watu walipokwisha kutoka, akanikaribia. Nilijua sasa ndio atanipika, kwa maana ya kwao. Akasema, "Kasongo, unatafsiri muzuri. Ila unabadilishaka mwisho."

Akaenda zake. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilimusikia. Treni ilipoanza tena kupita, nilipanda bila kumuaga, na kwenye mufuko wangu palikuwa na burashi yake. Alikuwa ameniazima siku ile ya ukuta, kwa sababu yangu ilikuwa inatoa nywele.

Burashi hiyo unaijua. Ni ile yenye uzi mwekundu umezungushwa kwenye mupini. Nilikupa ulipokuwa na miaka tisa, nikakuambia alininunulia mukubwa mumoja aliyependa kazi yangu. Umechorea nayo mulango wa kanisa, umechorea saluni mbili za Kasongo na ule ukuta wa Nyangwe wa samaki wanaocheka. Iko kwenye mufuko wako sasa hivi, nimeiona asubuhi, umeifunga ndani ya soksi isivunjike.

Mimi nilifikiri njia ndefu inafuta. Kasongo ni mbali, nani atakwenda kuhakikisha? Na hadithi nikaikuza. Kila mwaka yule mama aliongezeka unene, na mimi niliongezeka ufundi. Halafu mwaka jana Eliza alinitumia picha kwenye telefone: "Shemeji, ukuta wako ungaliko." Ungaliko, mama. Rangi ni mpya, inaonekana kuna mutu anaurudishia kila mara. Uso wa yule mama umezeeka kidogo, kama vile wameacha azeeke na mwenye restora. Herufi ni zangu, hazikubadilishwa hata moja, zimefuatwa palepale. Na chini kabisa, kwenye kona, kwa herufi ndogo zisizosimama vizuri, kwa sababu herufi hazikuwa kazi yake, pameandikwa:

Picha: Banza. Maneno: mutu wa Kasongo.

Mimi nilimunyang'anya yule mama wake mwenye mwiko. Yeye, kila anaporudishia rangi, ananirudishia maneno yangu.

Na nilifanya nini na picha ile? Niliionyesha Kasongo yote. Sokoni, msikitini kwa majirani, baada ya misa, kwa waendesha pikipiki. Unakumbuka nilivyoshika telefone, sikumupa mutu mukononi hata mara moja? Ulisema, "Papa, unaogopa wataiangusha." Nilikuwa nimeweka kidole gumba kwenye kona ya chini.

Hapa mama yako ameniletea chai. Ameiweka juu ya muguu wa yule mutu wa afishi, hakutazama karatasi.

"Umemuambia ya kidole?" akauliza.

"Kidole gani?"

"Kile kinene."

Nimemuuliza alijua tangu lini.

"Telefone yako unalala ukiiacha kwenye mutungi. Mimi sina macho?" Akakaa kwenye mulango, akapangusa mikono yenye mafuta. "Niliona siku ileile."

"Na hukusema kitu mwaka mzima."

"Nilikuwa nangoja uchoke," akasema. "Wewe nawe hauchokaki." Halafu akarudi kwa samaki zake.

Nimeoa vibaya, Furaha. Mwanamuke ananisoma kama ukuta.

Basi sasa unajua yote, na mimi sina shauri kubwa la kukufunga kiunoni. Nina haya machache, yaliyonigharimu.

Kule watakucheka. Watacheka Kiswahili chako, watacheka kitu utakachochora na kukipenda, mama wa nyanya atasimama akuambie mukono ni mufupi. Baki pale. Mimi kosa langu lilikuwa ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya, watu wamekula na kucheka chini yake miaka yote hii, na mimi nililikimbia siku ya kwanza asubuhi. Kama ningebaki kwenye kile kiti cha kinyozi nikasema, Mama Rejina, ni mimi, Kiswahili changu kimeniangusha, sijui. Labda angenitupia sahani. Sahani inapona haraka.

Na ukiwa na mwenzako anayeanza kusema "ile neno, hapa kwetu...", mwache amalize. Mimi kila usiku naisikia sentensi ile, na mpaka leo haijafika mwisho.

Jumapili ijayo nitasimama mbele ya sine. Nitatoa kidole. Watanizomea kuliko siku ya farasi, na nitamuambia mama yako akae karibu na mulango. Lakini picha ya Eliza ni ya mwaka jana, na ilipigwa kwa ajili yangu. Nataka nyingine.

Kwa hiyo fanya ulichosema, nenda mbele hata ya kuoga. Utamukuta Banza pale, Eliza anasema jioni anakaa chini ya mwiko na kiti chake. Usimuambie wewe ni mutoto wa aliyechora. Fungua soksi, mupe burashi kwanza. Ina nywele chache kuliko alipoiacha, lakini umeitumia kwa kazi ya kweli, na yeye atajua kwa kuishika. Akikuuliza nani amekutuma, mwache akutazame. Kama akikufukuza, ana haki, tafuta mwalimu mwingine na usimuchukie. Kama akikuambia keti, keti, uangalie namna anavyouma ulimi.

Halafu mumoja wa wapita njia awapige picha. Rudi nyuma mpaka mutaro, iingie yote: moshi, mwiko, herufi, na ile kona. Picha nzima, mama, mpaka chini. Nitaitundika pale mahali pa afishi.

Nasikia sauti yako kwenye njia, unacheka na mutu. Nimesahau kuangalia mawingu tena.

Baba yako anayekupenda.

Maneno: mutu wa Kasongo.